Kikombe Ulichobeba Bila Kumwaga

Kaloleni, Kisumu
Jumapili ya kwanza ya Agosti, baada ya kanisa

Mpendwa ndugu yangu Ochieng',

Jana nilikwenda kule kituoni mlimani, ulikolazwa uache pombe, kuchukua vitu vyako. Tangu tukuzike, yule mshauri mliyemwita Madam amenipigia simu mara tatu, na kila mara nilimwambia nitakuja wiki ijayo. Ni vitu vichache tu. Ndala, blanketi, beseni la bluu, na kile kikombe cha bati kilichoandikwa namba kumi na nne chini yake. Nimekiweka hapa mezani ninapoandika. Mwanangu Atieno aliuliza kama anaweza kukinywea uji, nikamkaripia bure, akalia.

Unakumbuka chai ya nusu? Ulipokuwa ukikaa mtaani Obunga, kila asubuhi ulipita kwenye jiko langu kabla ya kwenda kuchomelea mageti. Mimi nilikuwa nikigeuza mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki viwandani, na mafuta yakinirukia mikononi. Wewe ulikuwa ukikaa kwenye debe, mikono umeibana katikati ya magoti ili wateja wasiione ikitetemeka. Nilikumiminia chai nusu kikombe isije ikamwagika na kukuunguza. Ili usiaibike nilisema, "Chai imeisha, chukua hiyo iliyobaki." Nawe ulikuwa ukiiona birika imejaa. Siku moja tu ulinijibu: "Min Atieno, iko siku utanijazia."

Hukuniita dada hata siku moja. Tangu nijifungue Atieno uliniita Min Atieno, mama yake Atieno, kama majirani wanavyoniita. Nilikuwa nikilalamika kwamba unanizeesha. Sasa sauti yako ndiyo ninayoisikia kila mtu anapoliita jina hilo.

Hakuna aliyekulazimisha kwenda kituoni. Ulikuja mwenyewe siku uliyochomelea geti la mteja likatoka limepinda, wewe uliyetengeneza geti la baba kwa macho tu bila kamba ya kupimia. Ulikaa kwenye debe ukasema, "Nipeleke." Nilizima moto samaki wakiwa bado wabichi.

Askari wa pale mlangoni alikata mkate niliokununulia akautazama ndani, kisha akachukua chupa yangu ya marashi kutoka mkobani.

"Mama, hii ina spiriti, inabaki hapa."

Ukamcheka. "Hata marashi mnaogopa?"

"Tunakuogopa wewe, fundi. Marashi hayana shida."

Tulicheka wote watatu. Nilirudi nyumbani nikiamini kwamba mtu anayeweza kucheka mlangoni atapona.

Jumapili za mwanzo zilikuwa mbaya. Uliniambia nimekufunga kama mbuzi wa mahari. Jumapili moja ulikataa kabisa kutoka nje, nikala ndizi nilizokuletea nikiwa peke yangu kwenye benchi. Baadaye ukaanza kutoka, ukaanza kuzungumza, ukanionyesha sukuma wiki mliyopanda. Kutoka kule juu mlimani ziwa lilionekana lote, na magugu yalikuwa yamelifunika, ukasema Mungu amechoka na samaki sasa analima.

Ndipo ikaja Jumapili ya saba. Nilikuwa kwenye benchi ileile. Ulitokea mlango wa jikoni umeshika hiki kikombe, chai imejaa mpaka ukingoni, ukaanza kuvuka uwanja. Hukunitazama, macho yako yalikuwa kwenye chai. Wenzako waliokuwa wakifua wakaacha nguo.

"Oneni Fundi, amebeba kikombe kama anabeba mtoto wa askofu!"

"Fundi, ukimwaga leo unapiga deki bweni lote!"

"Wacheni mzee atembee, nyinyi!"

Ulitembea kama mtu anayepita juu ya ubao mwembamba. Ulipofika ulikiweka mkononi mwangu, na mkono wangu ndio uliotetemeka. Mimi ndiye niliyemwaga. Wanaume wale walipiga makofi, ukasema, "Sasa ni wewe unahitaji kulazwa hapa."

Ochieng', sijawahi kuwa na siku nzuri kuliko hiyo. Hata siku ya harusi yangu haikuwa hivyo.

Siku tisa baadaye baba akafa.

Wazee walikaa wakaamua kabla hata sijamaliza kulia. Wewe ndiwe mwana wa kwanza. Bila wewe kutupa udongo wa kwanza, wadogo zako wasingeweza kutupa wao. Tena ilikuwa lazima ulale nyumbani mpaka shughuli zote ziishe, siku nne. Baba mdogo alinituma nikulete. Alisema, "Hospitali gani hiyo inamzuia mtu kumzika babake?"

Madam hakukataa. Hilo ndilo linaloniua. Aliniambia ungeweza kuja asubuhi ya mazishi ukiwa na mfanyakazi mmoja wa kituo, umzike mzee, na jioni urudi naye. "Siku ikipita salama tutapanga nyingine," alisema. "Lakini siku nne, mama, bado ni mapema." Nikamjibu, "Madam, wewe si wa kwetu. Hujui mambo ya kwetu." Akanipa fomu. Nikaweka sahihi. Niliandika jina langu lote kwa herufi nzuri, kama tulivyofundishwa shuleni.

Tukiwa njiani uliniuliza nani watakuwepo. Nilipokutajia baba mdogo ulinishika kiganja. "Kik iweya," ulisema kwa lugha yetu. Usiniache. Nami nikasema, "Nikuache niende wapi?"

Siku tatu nilikutunza. Nilikuwa nikikuletea chakula mwenyewe, nikakaa nyuma ya kiti chako chini ya turubai mpaka shangazi wakaanza kusema nimekuoa. Ulisimama kaburini ukatupa udongo, mkono wako umetulia. Watu waliokuwa wamezoea kukuona umeanguka njiani walikusalimia kwa mikono miwili. Jeneza lilikuwa limepita kwenye lile geti lako, na uliligusa bawaba kuona kama bado liko sawa.

Siku ya nne saa tisa mchana wageni wengi walikuwa wameondoka. Jikoni waliniita kwa sababu wakwe zangu walifika wamechelewa na hapakuwa na wa kuwapikia. Nilikuambia, "Dakika kumi." Ukaitikia kwa kichwa.

Dirisha la jikoni linatazama kule walikokuwa wamekaa wanaume. Nimesimama na sufuria ya wali mkononi, nikamwona baba mdogo anakumiminia glasi ya pombe. Ukaisukuma. Akairudisha.

"Mwana wa kwanza hamziki babake kwa chai!" alisema, na wanaume wakacheka. "Ama kule walikufanya mwanamke?"

Uligeuza kichwa ukanitafuta. Ulitazama kiti changu kule nyuma yako, ukatazama turubai, ukatazama mpaka mlango wa nyumba. Hukutazama dirishani. Mimi nilikuona, Ochieng'. Nilikuwa na sauti. Ningeweza kuita jina lako tu. Lakini wakwe zangu walikuwa pale nyuma yangu, na baba mdogo ndiye aliyekuwa amebaki kama baba. Nikajiambia mwanamke hawezi kumpigia mzee kelele kutoka jikoni siku ya matanga. Nikajiambia pia, ni moja tu.

Uliinua ile glasi. Ilikuwa imejaa, na mkono wako haukumwaga hata tone. Sisi ndio tuliokuponya mkono ule.

Jumatatu tulitakiwa kurudi kituoni. Ulisema Jumatano. Jumatano ulisema mwisho wa mwezi. Baada ya hapo hukusema tena. Ulirudi Obunga na kunywa kama ulivyokuwa ukinywa zamani, ila mwili wako haukuwa ule wa zamani, muuguzi alinieleza baadaye. Wiki ya sita ulianza kutapika damu. Wodini ulikuwa ukipapasa shuka, nikakuletea chai nusu kwenye kikombe cha plastiki. Uliitazama ukatabasamu kidogo. Sijui kama uliinywa, kwa maana walinitoa nje wakati wa kusafisha, na niliporudi walikuwa wamekwisha kuvuta pazia.

Nataka ujue jambo moja ambalo sijamwambia mtu. Kwenye mazishi yako baba mdogo alizungumza vizuri kuliko wote. Alilia. Alisema pombe imemaliza vijana wetu. Watu wakaitikia, "Kweli, Mzee." Na mimi nilikuwa nimesimama pale na birika mkononi, nikampa chai, nikamwuliza sukari ngapi. Hilo tu ndilo nililomwambia. Mara ya pili, Ochieng', na safari hii hapakuwa na dirisha kati yangu naye. Hata sasa yeye huja hapa Kaloleni akipita mjini. Namwandalia samaki. Ananiambia mimi ni mtoto mwenye heshima.

Mchungaji anasema nijisamehe. Naitikia amina, halafu narudi nyumbani nikiwa vilevile. Kuna watu wanasema huzuni hupungua. Yangu inasimama palepale kama debe lako kwenye jiko langu, ambalo sijaliondoa na ambalo siwezi kumwacha mteja alikalie. Jana pale kituoni mtu mwingine alikuwa ameshapewa kitanda chako. Aliniamkia. Mikono yake alikuwa ameibana katikati ya magoti. Madam akaniuliza kama ningependa kuzungumza na ndugu za wagonjwa siku moja, niwaeleze. Ningewaeleza nini? Niliinama nikachukua beseni lako nikatoka, na yule askari wa mkate akavua kofia.

Nimechoka kuandika, na Atieno ananiita. Sikuombi unisamehe, kwa sababu nakujua, ungesamehe haraka, kwa mzaha, na mimi sitaki kupewa kitu ambacho sikukifanyia kazi. Naomba kitu kidogo tu. Kama huko uliko mtu anaruhusiwa kuchagua, unikumbuke nikiwa kwenye lile benchi, nimenyoosha mikono miwili, wewe unakuja na kikombe kimejaa na watu wanakupigia kelele usimwage. Unikumbuke hapo. Usije jikoni.

Dada yako,
Min Atieno