Rangi za Mwanao

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo, Mama. Nakuandikia nikiwa nimekaa kaunta dukani, mchana huu wateja wamepungua, na kabla sijasema lolote nataka kujua goti lako linaendeleaje. Ile dawa ya kuchua niliyokutumia imekusaidia, au umeshampa jirani kama ulivyompa ile ya mwaka jana? Na usingizi unaupata? Wifi ameniambia kwa simu kwamba siku hizi unaamka kabla ya kila mtu na kufagia uwanja mzima peke yako. Mama, huo uwanja hautakimbia. Uache hadi jua litoke.

Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako mkubwa amerefuka hadi ananitazama kwa juu, na ulimi nao umerefuka vilevile. Mdogo amengʼoka meno ya mbele na hacheki mbele ya wageni, ila ukimtekenya anasahau. Mimi nina afya, nala vizuri, nalala vizuri. Najua simu ingetosha kwa salamu, lakini kuna mambo ambayo kwenye simu hukatika katikati, nami haya nataka uyasome kwa nafasi yako, na ukitaka kukunja karatasi na kunyamaza kwanza, uweze.

Nianze na duka. Unaikumbuka ile mashine ya kuchanganyia rangi, ambayo mwanao aliisifu mbele za watu mpaka tukaona haya? Mteja huja na kipande cha plasta au kitambaa, tunakigusisha kile kijidude cha kusomea rangi, kikubwa kama kipande cha sabuni, na kompyuta inaiambia mashine idondoshe kiasi gani cha rangi kolezi, mpaka kopo litoke na rangi ileile. Jambo ambalo mimi sikulijua, achilia mbali wewe, ni kwamba programu iliyomo ndani hainunuliwi mara moja kama sufuria. Kila mwaka inalipiwa mkataba wa matunzo, ili kampuni iirekebishe kila viwanda vinapobadilisha rangi zao. Mwanao alikuwa akilipa bila kukosa. Mwaka ule alipougua, siku ya kulipa ilitupita tukiwa kwenye mabenchi ya hospitali, na nani kati yetu angekumbuka kompyuta? Kisha akatutoka, nikashika duka, mashine ikawa inafanya kazi, nikadhani mambo shwari.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwaka huu kiwanda kilibadilisha rangi kolezi, na programu yetu haikujua. Daktari wa meno wa mtaa wa juu alinunua rangi ya maziwa apake ukuta mmoja tu wa chumba cha kungojea. Ukuta ulipokauka ukawa wa waridi, lakini waridi la fizi, Mama, fizi tupu! Alirudi na kopo mkononi akaniambia wagonjwa wake wanadhani amefanya makusudi. Nilimrudishia fedha zake, nikacheka kidogo, nikapiga simu kwenye kampuni ya programu.

Alipokea binti mwenye sauti ya asali. Akaniambia mkataba wetu ulikatika miaka minne iliyopita, kwa hiyo nikitaka kuurudisha nilipe miaka yote ambayo sikulipa, kisha faini kwa kosa la kuuacha ukatike, kisha mwaka unaokuja. Jumla yake ungenunua mashine mpya na chenji ikabaki. Nikamuuliza katika miaka hiyo minne walinifanyia nini. Akasema hawakunifanyia kitu, kwa sababu sikuwa na mkataba.

“Kwa hiyo nalipia hicho msichonifanyia?” nikamuuliza.

Akakohoa, akasema afadhali nifike ofisini.

Utaniuliza kwa nini sikutafuta kampuni nyingine. Zipo, tena rahisi. Tatizo ni rangi za mwanao. Kila rangi aliyoibuni kwa kichwa chake aliihifadhi ndani ya programu ile na kuipa jina. Kuna iitwayo Hasira za Kinyozi. Kuna Jumatatu Asubuhi, ambayo ni kijivu kisicho na matumaini. Kuna Bibi Harusi wa Pili. Ni mamia, na nikihamia kampuni nyingine hazitoki, zinabaki zimefungiwa humo. Mara nyingine nikishafunga duka nilikuwa nayafungua majina hayo na kuyasoma tu, nikicheka peke yangu kama mtu aliyepungukiwa. Ningeyaachaje?

Basi nikaenda. Mapokezi nilimkuta mwanamume aliyevaa ovaroli, rangi ya fedha imemkaukia mpaka masikioni, akifokea kochi, maana binti wa mapokezi alikuwa ameshamkimbia. Ni mpiga rangi wa magari. Mjini wanamwita Fundi Msasa, na ukimsikia akiongea huhitaji kuuliza kwa nini. Yeye anatumia programu ya kampuni hiyohiyo, na aliacha kulipa kwa kutaka, akisema mbona hajawahi hata kuwapigia simu. Sasa kuna gari la mteja wake lina mlango unaoonekana wa kuazima. “Faini ya nini?” alikuwa akisema. “Kwani mimi nimeiba?”

Tuliingizwa pamoja kwa meneja wa mikataba, bwana mtaratibu, shati limenyooshwa mpaka kwenye kifungo cha mwisho. Akatueleza kwamba wale wanaolipa kila mwaka ndio wanaowalisha watu wanaorekebisha hesabu za rangi kila siku. Kama kila mtu atangoja kulowa ndipo anunue mwavuli, alisema, hakuna atakayeendelea kushona miavuli. Mama, nilijikuta naitikia kwa kichwa, na Msasa akanitazama kama msaliti. Lakini nilipomweleza habari za ugonjwa na msiba, bwana yule alitafuta kwenye kompyuta yake kwa huruma kabisa, kisha akasema utaratibu hauna mahali pa kuandika ugonjwa. Akanipa moyo kwamba rangi za mume wangu ziko salama, alimradi nilipe. Hilo ndilo lililonichoma.

Nje nilitokwa na machozi, ya hasira zaidi kuliko majonzi. Msasa alininunulia chai kwenye kibanda cha ngʼambo ya barabara. Hakunipa pole, na nilishukuru, maana pole nilishazipata za kutosha. Aliniuliza tu, “Hizo rangi, si zimepakwa?” Nikamwambia zimepakwa mji mzima. Akasema, “Basi tatizo liko wapi? Kabati limefungwa, lakini nguo watu wamezivaa. Chukua kijidude chako, twende tukazisome.”

Nilimkodolea macho. Jambo lililokuwa mbele ya pua yangu!

Tukaanza Jumapili iliyofuata, mimi, watoto, na Msasa na gari lake lenye mabaka ya rangi za majaribio. Tulibisha hodi nyumba kwa nyumba, tukifuata daftari la mauzo la mwanao: samahani, tunaomba kusoma ukuta wako. Wengine walidhani tumetumwa na baba mwenye nyumba kuwapandishia kodi. Mama mmoja wa ghorofani alituzuia mlangoni kwa ufagio, mpaka mjukuu wako alipomwambia kwamba jiko lake linaitwa Bibi Harusi wa Pili. Alicheka hadi akaketi kwenye ngazi, akasema sasa ameelewa kwa nini mwanao alikuwa akitabasamu siku ile akimpimia.

Na kila nyumba ilikuwa na habari zake. Bwana mmoja alisimulia jinsi mwanao alivyokataa kumuuzia rangi mpaka aje kwanza auone mwanga unavyoingia chumbani. Mwalimu mstaafu akasema alimletea kopo la ziada bure, kwa sababu alimwona akipaka kwa mkono unaotetemeka akajua nyingi itamwagika. Mama, nilidhani namjua mume wangu wote. Kumbe vipande vyake vingine vilikuwa vimetunzwa na watu nisiowajua. Watoto walisikiliza midomo wazi, na mdogo, ambaye hakumbuki sana sauti ya baba yake, akawa anauliza kabla hatujabisha hodi, “Na huyu anamjua baba?”

Wakati wa simulizi hizo Msasa alikuwa akisogea kando, anajifanya anakagua dirisha. Hakuharakisha mtu. Siku moja tulipokuwa tunarudi alisema, akiangalia barabara, “Huyu bwana alikuwa anaijua kazi. Tungekutana, ningemwonea wivu mpaka nimchukie.” Sijui kwa nini, lakini maneno hayo yaliniliwaza kuliko rambirambi zote nilizowahi kupewa.

Tuliposoma za kutosha nilirudi kwa meneja, nikamwekea mezani vipande vya mbao tulivyopaka rangi hizo, Msasa akizirekebisha kwa jicho, kila kimoja na jina lake nyuma. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba namshukuru na ninahama. Alivishika kimoja kimoja. Kwenye Hasira za Kinyozi alishindwa kujizuia, akacheka mpaka kile kifungo cha mwisho kikafunguka. Akaniomba nisubiri azungumze na wakubwa wake. Kesho yake akapiga simu mwenyewe: ile miaka iliyopita tumesamehewa, mimi na Msasa, ibaki faini na mwaka unaokuja. Akaongeza kwamba sasa wameweka mahali pa kuandika ugonjwa na msiba, ili anayekuja baada yangu asiambiwe nilivyoambiwa.

Faini nililipa, Mama. Msasa alinigombeza mtaa mzima, nami nikamwambia lile neno la mwavuli lilikuwa na ukweli wake. Aliguna, akaondoka, na alasiri ile akaenda kulipa yake, ila alinikataza kumwambia mtu. Nakuambia wewe tu. Mashine imeamka, majina yote yamo. Zile tulizozisoma ukutani zimepauka kidogo kwa jua, lakini nazo nimezihifadhi, kwani anayetaka kutia kiraka anahitaji rangi ya ukuta ulivyo leo. Daktari wa meno amepata maziwa yake, na duka linajaa kuliko wakati wowote tangu nilishike, kwa sababu kila tuliyembishia hodi alikumbuka kwamba ukuta wake umechakaa.

Sasa Mama, kama umesimama, kaa.

Kuta ziliisha, lakini Jumapili hazikuisha. Msasa alikuja kurekebisha mlango wa duka ambao haukuwa umeharibika. Akaja kununua brashi, yeye ambaye hupaka kwa bomba la upepo. Naye ni mgane, mwaka wa saba huu, na hakujaliwa mtoto. Mwezi uliopita, kati ya rafu ya vanishi na rafu ya misumari, aliniambia, “Mimi sina maneno laini. Nataka tuzeeke pamoja. Ukikataa, bado nitakuja kununua rangi.”

Nimemkubali, Mama.

Nilimwambia mtu wa kwanza kujua ni wewe, na kabla yako hatasikia yeyote. Ila mjukuu wako mkubwa hakungoja kuambiwa. Nilipoanza kumzungukazunguka kwa maneno alinikata: “Mama, kwani sisi vipofu? Miezi yote ile unadhani tulikuwa tunasoma rangi tu?” Kisha akanikumbatia, akalia kidogo, akaniuliza kama bibi atakasirika. Ndipo nikachukua kalamu.

Siku tulipomzika mwanao ulinishika mkono ukaniambia nisihesabu kwamba nimebaki bila mama. Sijawahi kulisahau neno hilo, wala sitaki ulirudishe. Sibadilishi mtu kwa mtu. Picha yake iko palepale sebuleni, juu ya mlango. Niliogopa Msasa angeuliza itahamishiwa wapi. Aliitazama, akasema imetundikwa juu mno, mimi siifikii kuifuta vumbi, basi kazi hiyo iwe yake.

Tunakuja mwisho wa mwezi. Amesema atatuleta mpaka kwako, kisha atabaki ndani ya gari mpaka umwite wewe mwenyewe, na usipomwita atasoma gazeti lake na kuturudisha, wala hatanuna. Mimi namjua, gazeti lenyewe atalishika miguu juu kichwa chini. Sikulazimishi, Mama. Moyo ukikuwia mzito nitauelewa, nitakaa nawe ndani tuongee ya goti na ya uwanja. Nakuomba kitu kimoja tu: gari lile ni bati tupu na jua la kwenu halina adabu. Hata kama hutaki kumwona, mtumie mtoto ampelekee maji.

Nisalimie wifi na watoto wake, na jirani yako mwambie dawa ya kuchua nitamletea yake, aiache yako. Wajukuu wanakusalimu sana. Mdogo anasema utamwona anacheka, kwako wewe hana aibu.

Ni mimi mwanao, ninayekuita Mama jana, leo na nitakapokuja,

Mama wa wajukuu zako