Kopo Alilobeba Baba Mdogo Marwa

Mwanza

Tata, baba yangu, shikamoo.

Naomba barua hii ikukute umekaa nje unaota jua, si umelala. Ng'ombe wameamkaje huko Gorong'a? Mimi ni mzima, ila nimewakasirikia wewe na baba mdogo Marwa anayekusomea. Nimemwambia asiruke neno. Simu umezoea kunikatia. Barua utaikatia wapi?

Kile kinyama walichokutoa shingoni hakifai tena. Baba mdogo alikabidhiwa pale hospitali ya Tarime kikiwa ndani ya dawa ya kukizuia kisioze, akilete huku maabara kwetu. Kwenye basi mfuniko ukavuja, macho yakawawasha abiria, wakapiga kelele. Ndugu yako akashuka stendi, akamwaga dawa yote, akajaza gongo! "Si ni kali?" ananiuliza. Nilitaka kucheka, nikalia.

Tata, gongo nguvu yake hata anayeipika hajui. Leo inaunguza, kesho ni maji matupu. Kinyama kimeoza, kwenye darubini hakisomeki, na hatujui kama huo uvimbe ni wa kuuacha au ni wa kukuua. Halafu eti hukatwi tena, mwanaume wa Kikurya anakabili kisu mara moja bila kupepesa jicho, basi! Nani kasema? Kisu cha tohara kilikufanya mwanaume. Hiki kinatafuta ugonjwa tu.

Dawa safari hii nimechagua mwenyewe. Spiriti nimeikataa, inakausha nyama na inashika moto upesi. Nimechukua fomalini iliyokwisha kupimwa na kuzimuliwa, tena nimeimimina penye feni ya kutoa hewa, nina glavu mkononi. Kuchanganya kwa kukisia nilishagoma hapa kazini. Wananiita mbishi, na waniite! Kopo analokuletea baba mdogo pamoja na barua hii lina mdomo mpana, mfuniko unasokotwa hadi mwisho, na liko ndani ya mifuko miwili. Dawa ni nyingi ili kinyama kipya watakachokukata kizame chote. Ni sumu hiyo, asifungue mtu ila daktari, na watoto wasiisogelee. Abiria wakilalamika tena, ashuke baba mdogo, kopo libaki.

Nisalimie mama, kaka Chacha na mke wake, na shangazi wa Nkende anayeuza mitumba. Wiki ijayo ukienda hospitali utalala kwake.

Maana utaenda. Unakumbuka wazee wa ukoo walipokuja kunichukua nikakeketwe? Ulisimama mlangoni na fimbo, ukawaambia, "Huyu hatoki." Wakakutenga, wakakataa hata kunywa maji kwako, na hukurudi nyuma. Wanaoniuliza ubishi huu nimeutoa wapi, nawaambia kwa baba.

Nakuja Ijumaa. Ukikataa kwenda nitasimama mlango uleule, na sitaondoka hadi utoke. Ile fimbo niwekee karibu.

Binti yako mbishi,
Bhoke