Shairi la Ufunguzi

Thai Binh, Vietnam

Kaka Toan,

Pokea salamu zangu, wewe, wifi na watoto. Natumaini kikohozi kilichokushika sikukuu ya mwaka mpya wa Tet kimekuachia, na joto la Saigon haliwaonei sana. Huku manyunyu hayakomi na baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, lakini mimi sijambo. Baba anakula vizuri.

Sasa kaa chini. Ulinipigia simu ukasema umeona picha za Siku ya Mashairi, Baba yuko jukwaani na joho lake la hariri, ukafurahi. Kaka, picha hazisemi.

Tangu mavuno, Baba anapotea. Mara achemshe chai bila majani, mara amtafute marehemu Mama nyumba nzima. Kwenye chama cha washairi niliwaficha, na wewe nilikuficha, kwa sababu siku moja akili zake zikiwa zimetulia aliniapisha nisimwambie mtu mpaka sherehe ipite. Unaijua sherehe yenyewe. Mwaka mzima watu wetu hawana habari na mashairi. Ukifika mwezi mpevu wa kwanza baada ya Tet, wote washairi! Hata muuza bata ana beti zake. Mimi huwa nawacheka. Lakini anayefungua ni Baba: ngoma inapigwa, anatoa shairi jipya, na wengine wanamjibu kwa vina vilevile. Asipotoa, hakuna wa kujibu.

Na hakuweza tena kutunga. Alikuwa akikaa mbele ya karatasi, anaandika jina la Mama, basi. Nikaandika mimi. Niliandika juu ya mkono wa mzee uliomfundisha mtoto kushika kalamu, na sasa mtoto ndiye anayeushika mkono ule usitetemeke. Nikamsomesha Baba kila asubuhi kama mtoto wa darasa la kwanza.

Mzee Bang alikwisha kunusa kitu. Si unajua anavyokitaka kile kiti cha Baba cha uenyekiti wa chama? Alinisimamisha sokoni akaniuliza mbona Mwalimu haonekani, au mwaka huu anatunga la kutumaliza? Nikamjibu ndiyo, ajiandae kuaibika. Akacheka, lakini aliniangalia mpaka nikakosa raha.

Siku ikafika. Ngoma ikalia, Baba akasoma kwa sauti yake ileile, mimi nimekaa chini namfuata neno kwa neno. Alipomaliza hakuketi. Aliigeuza ile karatasi, akauliza kwenye kipaza sauti: “Hili ni la nani? Mimi sikuandika hili. Aliyeandika kanipita mbali!” Watu wakaanza kutazamana. Nyuma yangu mtu akanong'ona kwamba mzee kachanganyikiwa. Baba akawa anatukagua mmoja mmoja. Akafika kwangu, akanitazama hasa, akapita.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikisimama, nimemvua nguo. Nikikaa, anajivua mwenyewe. Hapo Mzee Bang akainuka, nikajua tumekwisha. Alipanda jukwaani, akainama kwa adabu, akasema kwa nguvu: “Mwalimu naye kwa utani! Si ni langu, nililokuomba unisomee?” Ukumbi mzima ukaangua kicheko na makofi. Akamshika Baba mkono, akamketisha, akaita wa kwanza kujibu. Sherehe ikaendelea mpaka maputo yaliyofungiwa beti yakarushwa.

Baadaye alinifuata nilipokuwa nikivaa viatu. Akasema ameniibia mbele za watu, nimsamehe, lakini nisilidai tena lile shairi, kwa ajili ya Baba. Chama kitalichapisha kwa jina la Mzee Bang. Sitalidai.

Kinachoniliza si hicho, kaka. Tangu utoto natunga, na Baba hakuwahi kunisifu hata siku moja. Wewe ni shahidi, alikuwa akisema beti zangu zinapwaya. Juzi kanisifu mbele ya mji mzima, kisha akanitazama usoni asinijue. Tangu hapo ananiita “mama,” ananishukuru kwa chai kama mgeni. Wewe anakutaja kwa jina. Anauliza Toan anakuja lini.

Basi njoo, kaka. Njoo wewe anayekukumbuka, umwambie shairi lile aliandika Nhan, binti yake. Nitakuwa jikoni, nitasikia atakavyojibu.

Mpe wifi salamu nyingi, na watoto uwabusu kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Nhan