Kibaba cha Maharage ya Kahe

Kibosho, Moshi
19 Mei 2025

Mpendwa kaka Primus,

Shikamoo. Natumaini joto la Lindi halijakuyeyusha, na shemeji Gladness ni mzima. Sisi huku tunakohoa kwa zamu. Asiyekohoa ni ng'ombe peke yake.

Kwa heshima na taadhima natangaza: mizizi ya maharage yangu imeota vipele.

Usicheke. Unakumbuka hukumu yako ya Krismasi, mkononi umeshika mbavu za mbuzi: kihamba, yaani shamba hili la migomba la ukoo, ni cha kitinda mimba, ndiye mimi, na mwenye kihamba hukaa na mama. Ulisema nitashuka kuishi Kahe, huko tambarare, siku nitakapovuna kibaba kimoja cha maharage kwenye kile kipande chetu chenye udongo wa magadi, bila mbolea. Mlicheka wote. Kaka, nina miaka arobaini na moja, na sijalala nje ya migomba hii zaidi ya siku tatu.

Nilianza kwa kosa. Nilibeba udongo wa kihambani, mweusi na laini, nikauchanganya na mbegu. Udongo huo una bakteria wanaolisha maharage, lakini hawa wetu wamelelewa kivulini; magadi yakawamaliza. Maharage yakawa manjano. Nikapanda upya, safari hii na udongo wa chini ya maharage ya jirani yangu wa huko, Yuditha. Wa kwake wamezoea taabu: hujitengenezea mwilini vitu vya kushika maji, chumvi isiwakaushe. Mzizi huwaita kwa utamu, wakaingia, wakajengewa kinundu, ndicho hicho kipele. Humo hulishwa sukari, nao huupa mmea mbolea waliyoivuta hewani. Wanakula vizuri, ila kutoka hawatoki. Hali hiyo niliijua kabla ya kusoma kijitabu cha bwana shamba.

Mashina thelathini na sita yakasimama, kijani kibichi. Barua ya kukuomba utafute mtu wa kukaa na mama nilishaiandika kichwani.

Veronika, mke wangu, hakuamini. Nikang'oa shina, nikapasua kinundu kwa ukucha: ndani chekundu kama nyama, maana yake wamo kazini. Katekista akabisha; nikang'oa. Yuditha akafoka, "Wense, hayo ni magonjwa, usiniletee shambani kwangu!" Huyo nilimng'olea mawili. Jumuiya nzima ikataka kuona. Sikumnyima mtu.

Jana mama naye akaomba. Nikashuka Kahe, nikampandishia moja. Aliugeuza mzizi muda mrefu, akapasua vinundu kimoja kimoja.

"Kweli ni vyekundu, mwanangu. Haya, kamkatie ng'ombe majani."

Msalimie shemeji na mwanao Goodness. Mungu awapimie mvua na jua kwa kiasi.

Wako akupendaye,
Wenseslaus

N.B. Lilikuwa shina la mwisho.