Sauti Yako Upande wa Kushoto

Mpendwa hooyo, mama yangu,

Garissa nzima hakuna mwana mwenye bahati kuliko mimi. Wengine mama akiondoka wanabaki na picha moja ya kitambulisho, tena amekunja uso. Mimi nimebaki na sauti yako, nzima, ndani ya kompyuta. Msikitini nimewaambia. Soko la mbuzi nimewaambia hata wasioniuliza.

Unakumbuka arusi ya dada yangu Hodan? Kupigwa video ulikataa katakata. "Uso wangu si wa kuzunguka kwenye simu za watu," ukasema. Basi ukasimama nyuma yangu siku nzima, mimi nimeshika kamera, kidevu begani kwangu, ukiniita hooyo kama mama zetu wote wanavyowaita watoto wao, na kuniendesha kama punda mgeni: "Kushoto, hooyo, kushoto! Mwonyeshe shangazi yako. Si huyo, huyo mtandio umemtoka! Wee, bibi arusi yuko huku, unapiga ngamia?"

Mimi fundi wa video, niliyeacha shule darasa la saba na bado nikaitwa arusi hadi Bute, nikarudi dukani kusafisha kazi. Nikatoa sauti zote, nikaweka wimbo. Nyuso nikazing'arisha. Ukaja na chupa ya chai, nikakufungulia video mbili kwenye kioo kimoja: kushoto kama ilivyopigwa, kulia iliyohaririwa, zikienda pamoja. Nikibonyeza kulia, wimbo. Nikibonyeza kushoto, wewe unamgombeza mpishi wa wali. Ulicheka mpaka ukashika meza.

"Hii ya kushoto ndiyo arusi," ukasema. "Hiyo nyingine ni tangazo la sabuni."

"Hooyo, watu wanataka hiyo ya sabuni."

"Wape. Hii yangu iweke."

"Wallahi naiweka."

Sasa hupo. Hodan amejifungua msichana, amempa jina lako. Ijumaa anafika kutoka Takaba, na kwenye simu ameniambia, "Walaal, kaka yangu, nikifika hata chai usinipe kwanza. Mtoto amsikie bibi yake." Nikamjibu aje na leso mbili, moja yake, moja yangu. Unanijua, mdomo wangu hutangulia, mimi nafuata nyuma nikihema.

Leo asubuhi nimefungua ile kazi. Hodan anang'aa, wimbo unaimba. Halafu shangazi anageuka, anatazama juu ya bega langu, anaangua kicheko mpaka anaziba mdomo. Wewe ndiye uliyemchekesha. Nilikuwa pale, sikio langu lilikuwa karibu nawe kuliko la mtu yeyote, na sikumbuki ulisema nini. Nimerudisha, nimesimamisha, nimerudisha tena. Nimempigia shangazi. Naye amesahau. Amecheka tu, kisha akaanza kulia, nikamwambia jua limeniingia machoni nitampigia baadaye. Nilikuwa ndani ya duka, hooyo.

Pumzika. Mola akupanulie ulipo, na huko nako wakupe mtu wa kumwamrisha.

Sina sauti yako. Ile ya kushoto niliifuta kwa kidole changu mwenyewe, kompyuta ilipojaa, nipate pa kuweka arusi ya watu nisiowajua. Hodan bado sijamwambia.

Mwanao wa kwanza