Jeneza la Jirani wa Kasrini

Wesselbrook,
Münsterland, Ujerumani.
14 Novemba 1974

Mpendwa mpwa wangu Mechthild,

Hujambo huko Brazili? Watoto hawajambo, na kifua cha mumeo Anselmo kimepoa? Mimi nipo, magoti yananung'unika, ila bado yananibeba.

Mzee Burkhard, mwenye kasri, amefariki. Tulimzika Jumamosi, nami nilikuwa miongoni mwa waliombeba.

Huenda umesahau desturi yetu, basi nikueleze. Hapa maiti habebwi na ndugu zake wala na watu wa kukodi. Hubebwa na majirani. Kasri ni mali ya mtu, na limezungukwa na handaki la maji pande zote, lakini maji yale hayajapata kuukata ujirani. Mke wangu Agnes alipofariki, Burkhard alishika jeneza mbele kushoto, kichwa wazi, mvua ikimnyeshea.

Mrithi ni Konstantin, mtoto wa nduguye, aliyezaliwa hapa kasrini akakulia Munich. Yeye aliagiza gari la maiti na vijana wenye glavu, akabandika langoni tangazo kwamba mazishi ni ya familia tu. Sisi wanaume sita tukavaa kofia nyeusi, tukavuka daraja, tukasimama uani.

"Wazee wangu, hapa ni kwa watu," akasema Konstantin. "Naomba mtoke."

"Nyumba ni yako, hatuigusi," nikamjibu. "Maiti ni wetu."

"Wabebaji ninao."

"Wape kahawa," akasema jirani yetu Bi Gerburg, aliyekuja nasi ameshika shada la maua. "Na wewe, ulipokuwa unaota meno humu, ni mimi niliyekubembeleza. Usinikunjie uso."

Konstantin akatishia kuita polisi. Nikamwonyesha Hubert, polisi wetu wa pekee, amesimama nyuma yangu na kofia yake nyeusi.

"Nipo," akasema Hubert.

Hatukupaza sauti. Tuliingia ukumbini, tukainua jeneza. Wale vijana walitupisha wenyewe, na mmoja akatufungulia mlango. Tukavuka daraja na mzee wetu begani hadi makaburini, gari likitufuata tupu.

Baada ya maziko Konstantin alinijia, akaniambia kwa ubaridi kwamba yeye hakuomba majirani wala hawahitaji.

"Hilo huamui wewe," nikamwambia. "Siku yako ikifika tutakuja vilevile, utake usitake."

Gerburg anakusalimu, na Hubert pia. Nibusie watoto. Mungu awape afya, na awape majirani wakaidi kama wetu.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Mjomba wako Bernward