Mteremko Bado ni Wako, Kibet

Ndugu yangu Kibet,

Nimeitwa. Zile mbio za baiskeli za wiki tatu za Ulaya, zile tulizokuwa tukiziangalia kwenye simu yako yenye kioo kilichopasuka, tukigombania nani aishike, nimeitwa niende nikashindane. Nimeanza na habari hiyo kwa sababu nilitaka uisikie kutoka kwangu kabla ya mtu mwingine. Na nikuambie ukweli, nilitaka ikuume kidogo.

Haikukuuma, sivyo? Nakujua, hata hii umeifurahia. Ndiyo maana unaniudhi.

Kocha alipopiga simu nilikuwa shambani nikipogoa chai. Akasema, "Mzee, timu imekubali. Unaenda." Nikanyamaza kwanza ili niionje ile furaha. Kabla sijafungua mdomo akaongeza, "Kibet angefurahi sana." Umeona? Hata dakika moja sikuachiwa niwe peke yangu na habari yangu mwenyewe.

Ni hivyo tangu uende. Ile kona ya kuteremka kutoka Kimulot, pale chai inapokaribia kugusa lami pande zote mbili, siku hizi inaitwa Kwa Kibet. Vijana wa bodaboda wakifika pale wanapiga honi. Nilimwuliza mmoja sababu, naye hakujua mimi ni nani. "Hapa kuna jamaa alikuwa anapita bila kushika breki," akasema. "Lazima tumsalimie." Nikamlipa nikatembea. Mimi nimeupanda ule mlima tangu nikiwa shule ya msingi mpaka leo ndevu zina mvi, na hakuna hata jiwe moja lililopewa jina langu.

Mama ameweka picha yako sebuleni juu ya televisheni, na chini yake kitambaa alichofuma mwenyewe. Picha yangu iko pia, ila ni ile tuliyopiga pamoja Sotik, na wewe umesimama mbele.

Kumwonea marehemu wivu ni aibu, najua. Ungekuwa hai tungegombana, tungetupiana maneno mawili matatu, tungemalizana. Sasa wewe hujibu. Tena huzeeki. Mimi magoti yananilia nikiamka asubuhi, na vijana wa timu wananiita mzee hata hawacheki wakisema, kwa sababu wanaona ndilo jina langu. Nina miaka thelathini na minane, Kibet. Nimekupita umri. Wewe bado una thelathini na minne na nywele zako zote, na kila mwaka unazidi kuwa hodari kwa midomo ya watu.

Basi, mbio zenyewe. Unajua zilivyo: kila siku hatua yake, muda unajumlishwa, hadi wiki tatu ziishe. Mshindi sitakuwa, hakuna anayejidanganya. Kazi yangu kubwa itakuwa kuwachukulia vijana chupa za maji kutoka kwa gari la timu na kuwakinga upepo. Lakini kocha amepiga hesabu zake. Anasema wiki ya kwanza vijana watanikimbia, ya pili watanizoea, ya tatu watakuwa wamekwisha, na hapo ndipo mzee anayejua kula, kulala na kunyamaza anaanza kuonekana. Katika wiki hiyo ya mwisho kuna hatua moja yenye mlima mrefu, usio mkali sana, wa kupanda tu bila kuisha, kama ile barabara yetu ya kuelekea msitu wa Mau. Mlima huo ni wangu. Kocha anaamini nikiachiwa nafasi siku hiyo naweza kufika kileleni peke yangu. Kwa umri wangu, nafasi kama hiyo hairudi tena.

Shida ni kwamba mstari wa kumalizia hauko kileleni. Uko chini, mjini, baada ya mteremko wa kona nyingi. Upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde, na msimu ule kwao ni wa mvua. Kocha alinionyesha video ya njia yote. Ilipoisha akafunga simu na kusema, "Miguu iko. Kitu inakosa ni roho ya Kibet ya kuteremka."

Nikaenda nyumbani nikiwa na hasira na wewe.

Unakumbuka tulivyokuwa tukifanya mazoezi? Tulikuwa tukipanda, nakuacha nyuma. Kileleni nashuka kwenye baiskeli, nakungoja, nakula ndizi yangu. Unafika unahema, unaniita mnyama. Kisha tunateremka, unapotea. Nikifika chini nakukuta umeshakaa kibandani na chai mkononi, watu wamekuzunguka. Sasa fikiria: huko juu nilikokuwa nakushinda, nani alikuwa akiniona? Wachuma chai, nao migongo imeinama. Watu walikuwa chini. Maduka yalikuwa chini, wasichana walikuwa chini, hata kocha mara ya kwanza alipotuona alikuwa amesimama chini. Maisha yangu yote nimeshinda mahali pasipo na watu.

Wanasema hukuwa na woga. Huo ndio uongo unaonichoma zaidi, kwa sababu mimi peke yangu najua. Ulikuwa na woga kama sisi sote. Ila ulikuwa ukisoma barabara. Malori ya kubeba majani mabichi kutoka vituo vya kununulia chai hudondosha majani kwenye kona, na wewe ulikuwa ukiyaangalia. Jani likiwa bichi na linang'aa, lori liko mbele, karibu. Likiwa limenyauka, lilipita zamani. Lami ikiwa safi, hakuna kitu. Ulinifundisha tulipokuwa bado tunagawana baiskeli moja: "Jani bichi, shika breki. Lami safi, wacha iende." Watu waliona shujaa. Mimi niliona mtoto wa mkulima anayejua chai.

Halafu tukaenda Fort Ternan.

Sijawahi kumwambia mtu hili, hata Mama. Tuliacha chai juu, yakaja mahindi, kisha hewa ikawa ya moto na miwa ikaanza. Lami ilikuwa safi. Nami niliiona, nilikuwa nyuma yako. Hakuna jani hata moja. Ukaachilia breki, ukainama, ukaenda. Kumbe upande ule hakuna jani la kudondoka. Miwa ilikuwa haijaanza kukatwa, na lile trekta lililokuua, lililotoka ghafla kwenye njia ya shamba, lilikuwa tupu, linaenda zake. Uliisoma barabara ya Fort Ternan kwa macho ya Kimulot. Nami vilevile, Kibet. Nami niliamini ni salama. Nilishika breki kwa sababu tu mimi hushika breki kila mahali, kama ulivyozoea kunicheka.

Na huko ninakoenda hakuna chai. Barabara zote zitakuwa safi.

Hilo nililijua, na bado nilipopata habari za timu nilianza kuteremka kama mwendawazimu. Kila mvua iliponyesha nilikuwa barabarani. Nilikuwa nikijiambia ni kwa ajili ya ile hatua, ili nikishafika kileleni nisikamatwe chini. Uongo. Nilikuwa nakufukuza wewe. Nilitaka nifike wa kwanza kwenye mji ule wa mbali, kwa mteremko, mbele ya kamera zote, ili kocha akome, na bodaboda wakome, na Mama anipige picha nikiwa peke yangu. Siku moja nilipita Kwa Kibet bila kugusa breki. Nililia kwa furaha. Siku iliyofuata nilianguka palepale, nikateleza kwenye lami hadi kwenye chai ya watu, kiwiko kikachunika hadi nyama ikaonekana.

Chebet alinisafisha kidonda kwa maji ya chumvi. Unamjua mke wangu, haongei sana. Tumbo lilikuwa limeshakuwa kubwa, hata kuinama ilikuwa kazi. Alimaliza, akafunga kitambaa, akasema, "Mimi sikuolewa na Kibet."

Nilidhani maneno hayo yangeniponya. Nilirudi barabarani wiki hiyohiyo.

Mtoto amezaliwa, ndugu yangu. Mvulana. Mama alitaka mchungaji aje aombe, yaishe. Kogo akakataa. Bibi yetu macho yamemwisha lakini ulimi uko palepale. Akasema mtoto wa mtoto wa mwanawe hawezi kukaa bila kuulizwa ni nani amerudi. Mama akamkumbusha kwamba sisi ni watu wa kanisa. Kogo akasema, "Hata watu wa kanisa wanapiga chafya." Basi wakaja akina mama wa ukoo, wakamzunguka Chebet, ugoro kidogo ukasogezwa karibu na pua ya mtoto, na majina ya waliokufa yakaanza kutajwa, kwa kuwa atakayetajwa mtoto akapiga chafya ndiye aliyerudi. Babu. Kimya. Ndugu yake babu, yule wa ng'ombe wengi. Kimya, mtoto amelala tu. Wakaendelea, wazee wote, mmoja baada ya mwingine, hadi nikaanza kutabasamu kwamba kijana wangu ni mgumu, hataki kuwa mtu mwingine.

Kisha shangazi akasema, kwa sauti ya chini, "Kibet. Hakuacha mtoto."

Akapiga chafya. Moja, kubwa, mwili wote ukaruka.

Wakapiga vigelegele. Mama alilia akacheka. Mimi nilitoka nje. Nilisimama katikati ya chai nikakutukana, na sikubakiza tusi hata moja ninalolijua. Kona umechukua, sebule umechukua, furaha yangu ya simu umechukua, sasa na mtoto. Wafu wote wa ukoo mzima walikuwepo, na ilikuwa lazima iwe wewe.

Kogo aliniita kwa jina langu la utoto mpaka nikarudi ndani. Akaamuru nipewe mtoto. Nilikuwa nimemshika vibaya, kwa hasira, na Kogo asiyeona akanisikia tu kwa pumzi, nadhani. Akasema, "Mshike shingo. Huyu sasa amezaliwa nyuma yako. Wewe ndio mkubwa."

Nikamshika shingo. Ilikuwa laini, haina nguvu yoyote, kichwa kinaanguka upande huu, kinaanguka upande ule. Nikamwangalia. Wewe uliyenishikia kiti cha baiskeli ukikimbia nyuma yangu hadi nikajua kuendesha, umelala mkononi mwangu huwezi hata kuinua kichwa chako. Mdogo wangu. Nilicheka, Kibet. Nilicheka mpaka Chebet akaogopa ningemwangusha.

Kesho yake nilimpigia kocha. Nikamwambia nitaanza kulitoroka kundi mapema, chini kabisa ya mlima, wakati wengine bado wanakula huku wakiendesha, nijitafutie nafasi kubwa niwezavyo. Lakini kuteremka nitashika breki kwenye kila kona nisiyoijua. Na hakuna hata moja ninayoijua.

"Watakupata," akasema.

Nikasema wakinipata watakuwa wamenipata.

"Mzee, hiyo ndio nafasi yako ya mwisho."

Nikamwambia najua. Nikadhani sasa ananikata, atachukua kijana mwingine. Mwishowe akasema, "Basi itabidi upande kushinda vile umewahi kupanda." Tukaanza kuongea mambo ya gia. Hakukutaja. Tulipoagana ndipo nilipogundua.

Naondoka wiki ijayo. Nitapanda kwa nguvu zangu zote, na kama Mungu akinipa nifike chini wa kwanza huku nimeshika breki, sawa. Kama kundi zima litanipita kwenye kona nikitetemeka kama mwanafunzi, pia sawa, wacha wanione. Ulikuwa bora kuliko mimi kwenye mteremko. Nimeandika sentensi hiyo nikaifuta, nikaiandika tena. Ulikuwa bora kuliko mimi.

Wivu sijaumaliza, sitakudanganya. Utakapopigiwa honi kesho, nitakunja uso kama kawaida. Pumzika huko uliko, usinisubiri, maana sina haraka ya kuja.

Nakuahidi nitarudi kwa huyu mwenye jina lako. Siku moja ataniuliza mimi baba yake nilikuwa mwendeshaji wa namna gani, na sitaki aambiwe na watu wa bodaboda. Nataka nimwambie mwenyewe, na nikizidisha kidogo, asiwepo wa kunisahihisha.

Ndugu yako, ambaye sasa ndiye mkubwa,
Kiplangat